Nani Alikuwepo?

Kifafa kina ubaya mmoja: mwenyewe hakioni. Mtu anaanguka, anakakamaa, anatupa mikono na miguu, kisha anazinduka ulimi una damu na suruali imelowa, watu wamemzunguka kwa mbali kama wanatazama ajali, naye anauliza, "Kuna nini?" Anayejua ni yule aliyekuwepo. Na aliyekuwepo, mara nyingi, kakimbia.

Hakimbii kwa roho mbaya. Mtaani wanasema povu lile linaambukiza, ukiligusa umekwisha, na mgonjwa akijamba ndiyo usiseme. Uongo mtupu! Povu ni mate yaliyochapwa na pumzi. Lakini uongo huo umeunguza watu. Huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwe alianzisha kliniki ya kifafa, akakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia jikoni. Kumvuta mtu aliyeshikwa lilikuwa jambo la kuogopwa.

Mama huyo alitazama mpaka mwisho. Aliandika hata habari za watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia. Miaka mingi baadaye hali hiyo ikazungumzwa sana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ikapewa jina. Yeye alishaiandika kabla haijawa na jina. Wenzangu mnaotaka kuandika, hapo mnanielewa.

Binamu yangu alianza kuanguka akiwa na miaka 16. Kabla ya hapo, kwa miaka miwili, alikuwa akimwambia shangazi kuna kitu kinampanda kutoka tumboni hadi kooni, halafu anazubaa. Alipewa dawa ya minyoo. Shuleni aliitwa mtoro wa akili, akala viboko. Alipoanguka mara ya kwanza hadharani, mzee mmoja akaja mbio na kijiko cha kumtanua meno. Nikamzuia, akanitukana. Sikujali. Kijiko kinavunja meno, basi, hakizuii lolote. Mtu unamlaza ubavu, unaondoa vitu vya kumwumiza, unalegeza kola, unatazama saa. Zikipita dakika tano hajatulia, ni hospitali bila mjadala.

Hospitali walimpima umeme wa ubongo, kipimo alichokianzisha Mjerumani Hans Berger, aliyeunasa umeme huo kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924. Wanakubandika nyaya kichwani, karatasi inatoka na mistari. Yake ilitoka safi. Shangazi akafurahi, "Kumbe mtoto mzima!" Daktari akatikisa kichwa.

"Mama, mashine imemkuta akiwa ametulia. Haisemi lolote kuhusu siku alipoanguka. Nani alikuwepo?"

Nikasema mimi. Basi akaniuliza kama askari. Alianza vipi? Nikamwambia: alikuwa anaongea, akanyamaza, akawa anatafuna na hali mdomoni hamna kitu, mkono wa kulia ukichezea kifungo cha shati. Kisha kichwa kikageuka kushoto, kikavutwa kabisa, ndipo akaanguka. Alirudi mara moja? Hapana, alibaki kama mlevi karibu nusu saa, hata jina langu hakulijua. Daktari akaandika ukurasa mzima. Akatueleza kwamba aliyezirai tu huzinduka upesi na kujitambua. Huyu si kuzirai. Na moto wake hauwaki ubongo mzima kwa pamoja, unaanzia upande mmoja, ndiyo maana kichwa kilivutwa. Mashine haikuyasema hayo.

Akampa karbamazepini, kidogo kidogo kwanza, akiongeza. Kuna wanaopewa fenobabitoni, dawa ya tangu 1912, rahisi na bado inafanya kazi, ingawa inaleta usingizi. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Sharti ni moja, nalo gumu: kumeza kila siku, hata ukijiona mzima. Ukiikata ghafla, kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila kuachia, na hicho kinaua.

Binamu alichoka mwezi wa tatu. "Kaka, mimi si mgonjwa kila siku, mbona nimeze kila siku?" Tukabishana mpaka usiku. Sikuwa na jibu zuri, nikamwambia ameze tu, tutabishana kesho. Akameza. Kesho yake tukabishana tena.

Shangazi alinunua daftari la shule, maana daktari alitaka hesabu ya siku za kuanguka. Shangazi si mtu wa maneno mengi kwenye karatasi: "Jumanne. Mkono, kichwa kushoto. Dakika 2." Kurasa za mwanzo zimejaa hivyo. Kisha zinapungua, moja kwa mwezi, kisha moja katika miezi mitatu. Tangu hapo kuna hesabu za vitumbua: unga, mafuta, nazi, na anayedaiwa.