Sauti ya Bhalo, Maneno ya Ahmad Nassir

Mwezi huu nataka kuwasimulia kosa langu moja, huenda likamfaa mwengine.

Bibi yangu ni mtu wa Chula, kisiwa chetu kule kusini ya Kismayo. Walipokimbia vita mwaka 1991 kwa jahazi mpaka Mombasa, walibeba watoto na nguo tu. Huko Mombasa ndiko alikonunua kanda ya Juma Bhalo, akaja nayo mpaka hapa kambini. Mimi nimezaliwa hapa. Ile sauti nimeijua kabla sijajua kusoma.

Siku moja nikamwambia, "Bibi, huyu Bhalo alikuwa mtunzi kweli kweli." Akacheka sana.

"Mjukuu wangu, sauti ni ya Bhalo. Maneno mengi ni ya Ahmad Nassir."

Nikauliza huku na huku, nikaona ni kweli. Ahmad Nassir ni mshairi wa Mombasa, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Yeye na Juma Bhalo ni mabinamu. Mmoja akitunga, mwengine akiimba. Hata asiyeweza kusoma diwani alizijua tungo hizo kwa masikio. Bhalo alifariki mwaka 2014, na bado watu wanamsikiliza. Mahadhi mengi aliyachukua kwenye filamu za Kihindi, lakini maneno yalibaki Kimvita chao.

Hapo ndipo nilipochomwa moyo, manake bibi naye hutunga. Mwaka jana nilikaa naye na daftari nimwandikie shairi lake la Chula. Yeye akisema "moya", mimi naandika "moja". Darasani nafundisha Kiswahili sanifu, basi nikaona namsaidia. Nilipomsomea, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kina changu umekipeleka wapi?"

Kumbe mishororo yake yote iliishia na ya: moya, haya, baya. Mimi nimetia ja katikati! Akaniambia, "Hilo ni lako sasa, si langu." Hakutaka kuendelea tena.

Nimeshamuomba radhi, na amenisamehe. Tumerudi kwenye daftari, naandika Kibajuni kama anavyotamka. Lakini umri umekwenda, anasahau. Beti alizokuwa nazo mwaka jana, leo nyengine hazimjii. Hizo nimezipoteza mimi.

Binti wa ami yangu ana sauti nzuri. Jioni anakaa karibu na bibi, anajifunza zile beti zilizobaki, na akikosea neno bibi anamsimamisha.

Basi wanafunzi wangu na wazazi, nyumbani kwenu kuna mzee anayetunga? Mwandikieni leo, kwa maneno yake mwenyewe. Na mwenye sauti aimbe.

Wassalaam,
Mwalimu wenu wa kujitolea