Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini fundi naye alipwe

Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu haina upande.

Agosti 2024 tulikuwa vijana 28 kutoka kanisa moja hapa Nairobi. Kila mtu alitoa 2,500 twende Mai Mahiu siku tatu, tusaidie kujengea familia moja iliyopoteza nyumba kwenye mafuriko. Hiyo ni 70,000. Basi likachukua 22,000. Tisheti za rangi moja, 600 kila moja, zikala 16,800. Chakula na maji ya kunywa, 14,000. Bango lenye jina la kanisa na mstari wa Biblia, 3,200. Zikabaki 14,000, na hizo ndizo zilinunua mifuko kumi ya simiti, misumari na waya.

Yaani katika kila shilingi tano tulizochanga, nne zilitubeba, zikatulisha, zikatuvisha na kututangaza. Moja ndiyo ilifika kwenye nyumba.

Hakuna mtu aliiba. Risiti zote ziliwekwa kwenye grupu ya WhatsApp, na mweka hazina wetu ni dada mmoja anayerudisha hadi shilingi kumi ya chenji. Ingekuwa ni wizi, nisingesumbuka kuandika, tungemshika mwizi tukaendelea na maisha. Hii ni pesa iliyotumika vizuri kabisa, na watu wazuri kabisa, na bado nyumba ikapata moja kwa tano. Hapo ndipo pananisumbua.

Kwa wale mmesahau, maana sisi Wakenya tunasahau haraka: usiku wa kuamkia Jumatatu, 29 Aprili 2024, maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakapitia kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, watu wakiwa wamelala. Yalikuja na matope, miti na mawe makubwa kama gari. Zaidi ya watu 40 walikufa. Mara ya kwanza tuliambiwa ni bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba kalvati chini ya tuta la reli lilikuwa limeziba, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa kuyashika. Nchi nzima msimu huo mvua ndefu ziliua zaidi ya watu 250, na Rais akatangaza 10 Mei siku ya mapumziko ya kuomboleza na kupanda miti.

Basi, Agosti tukashuka. Kama umewahi kuteremka ile barabara ya zamani ya Naivasha kutoka Rironi, unajua kile kikanisa kidogo cha mawe kando ya barabara. Kilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Basi letu lilisimama, watu wakapiga picha. Kila mtu anakijua kikanisa hicho. Nani anajua jina hata moja la mtu aliyepanga yale mawe? Hatukuwaza hayo siku hiyo. Tulikuwa tunaimba.

Tulipofika kwenye ploti tulimkuta fundi. Mwanaume wa miaka hamsini hivi, kofia ya sufi kichwani, mkononi mwiko wa kuazima. Wake ulienda na maji, pamoja na timazi, pima maji na chumba alichokuwa akikaa. Sasa alikuwa amepanga chumba kingine mjini, na alikuwa na miezi miwili ya kodi ambayo hajalipa. Haya sikumhoji. Aliyasema mwenyewe tukikoroga simiti, vile watu wa mjengo huongea.

Hapa inabidi niseme kitu kunihusu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kabla hii simu haijaanza kunilisha nilifanya mjengo Ruiru miezi tisa. Nilikuwa mtu wa mkono, 600 kwa siku. Nimebeba karai mpaka shingo ikakataa kugeuka. Kwa hivyo nikiona fundi anafanya kazi, najua ninachokiona.

Huyu alitupanga ndani ya dakika kumi. "Vijana wote mawe na maji. Mwiko mtashika siku nyingine." Wenzangu wengine walinuna kidogo. Mtu amekuja kujenga, ameahidi watu nyumbani picha akipanga jiwe, sasa anaambiwa abebe debe. Lakini fundi alikuwa sawa. Ukuta uliopangwa na mtu wa kujaribu ni shida ya mtu atakayelala ndani yake.

Halafu akafanya kitu ambacho kwangu ndicho kilikuwa msaada mkubwa wa safari nzima, na hakikutoka kwetu. Kamba za msingi zilikuwa zimeshawekwa na watu waliotutangulia. Akazitazama, akatembea hadi nyuma ya ploti, akarudi, akazing'oa. Akasogeza nyumba hatua nane kuelekea juu. Kiongozi wetu akamuuliza kwa nini, na muda tunao siku tatu tu. Akasema, "Maji hufuata mkondo. Hapa palikuwa na mkondo nikiwa mtoto. Mmeona nyasi tu, kwa sababu siku hizi umekauka."

Sisi 28, na simu zetu zote, hakuna ambaye angejua hilo.

Sasa sikiliza. Jioni ya siku ya kwanza, fundi alimvuta kiongozi wetu kando. Nilikuwa karibu nikiosha karai. Alitaka kujua malipo yake yatakuwa ya kila siku au ya mwisho. Kiongozi akamjibu kwa upole kabisa, "Fundi, sisi sote hapa tunajitolea. Hii ni kazi ya Bwana." Fundi akanyamaza kidogo, akasema "sawa", akaenda nyumbani kwa miguu.

Usiku huo tulilala kwenye ukumbi wa shule na tulibishana mpaka saa sita. Upande mmoja ulisema: huyu ni mtu wa hapa, hawa ni majirani zake, hata yeye anaweza kutoa sadaka ya mikono. Ukimlipa, unamnyima baraka. Upande wetu ulisema: sisi tumejitolea siku tatu kisha tunarudi kwa kazi na kwa mama zetu. Yeye akijitolea siku tatu, anaongeza deni la kodi. Sadaka ni kitu mtu anatoa mwenyewe. Ukimtolea wewe, bila kumuuliza, hiyo inaitwa kitu kingine.

Dada mmoja, muuguzi, ndiye aliyemaliza ubishi. Aliuliza tu, "Dereva wa basi tumemlipa?" Tukasema ndiyo. "Na aliyechapa tisheti?" Ndiyo. "Basi mbona yule anayejenga nyumba ndiye peke yake anafanya bure?"

Ukumbi ulinyamaza. Asubuhi watu wakatuma mia mbili mia mbili kwa M-Pesa ya mweka hazina, ikafika 5,600. Fundi akalipwa 1,500 kwa siku, na zile 1,100 zilizobaki zikamnunulia timazi na pima maji ya kuanzia. Hakusema mengi. Ila siku ya pili alikuja saa kumi na mbili na nusu, na alikuja na kijana wake.

Sitaki ufikirie kiongozi wetu ni mtu mbaya. Ndiye aliyekaa chini na mwenye nyumba, akaacha kuhubiri, akamsikiliza masaa mawili bila kuangalia simu. Kipaji hicho mimi sina. Shida ni kwamba tumelelewa hivyo makanisani: neno "huduma" likitajwa, kuuliza pesa kunaonekana ni utovu wa imani. Na ni sisi hawa hawa ambao Juni 2024 tulikuwa barabarani tukiuliza kodi zetu zinaenda wapi, na mbona wanasiasa wanapewa mimbari kila Jumapili. Ukishajifunza kuuliza hivyo, huwezi kuacha swali lako mlangoni pa kanisa lako kama mwavuli.

Kuhusu kamera, maana najua mnaningojea hapo. Nilipewa kazi ya kurekodi. Ratiba ilikuwa na kipengele cha mama kukabidhiwa godoro na blanketi, bango nyuma, sisi na tisheti zetu pembeni. Nilimwendea mama mapema nikamuuliza kama angependa. Akanitazama, akasema, "Kijana wangu, mwezi wa tano nimepigwa picha nikipewa unga. Nimepigwa nikipewa sufuria. Nikilia pia nilipigwa. Hiyo ya godoro achana nayo." Nikasema sawa, mathe. Nikawa naondoka. Akaniita tena. "Nipige nikiwaonyesha mlango unakaa wapi."

Hiyo ndiyo video niliyochukua. Mama amesimama katikati ya msingi, mkono kiunoni, akibishana na fundi kwamba mlango usitazame kule maji yalikotoka. Fundi anamwambia jua la asubuhi litaingia vizuri upande ule. Mama anakataa. Fundi anahesabu mawe upya. Mlango ukawekwa alipotaka yeye. Video haikufika mbali, hakuna anayelia ndani yake. Lakini ndiyo pekee kutoka safari ile ambayo naweza kumtumia mwenyewe aitazame.

Sasa, mtu ataniambia: kwa hizo hesabu zako, si afadhali mngetuma zile 70,000 kwa fundi, mkae nyumbani? Nimewaza sana juu ya hilo, na jibu langu ni hapana, si zote. Siku ya mwisho, tukinywa chai, mama alisema kitu ambacho kilinyamazisha meza: "Mwezi wa tano tulikuwa na wageni kila siku. Mwezi wa saba sikuona mtu." Walioomboleza pamoja naye walikuwa wengi. Wa kubeba mawe ndio walikuwa wameisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli kuna kupona ambako hakutumwi kwa M-Pesa. Mtu aliyezika watu wake anahitaji kuona basi likikata kona, watoto wa watu wakishuka, wakichafuka matope kwa ajili yake. Hilo nimeliona kwa macho.

Kwa hivyo nendeni. Ila nendeni hivi.

Anzeni na fundi wa pale kabla ya kukodi basi. Mpigieni simu, muulize anahitaji watu wangapi. Akisema kumi, msiende 28. Wale 18 watoe nauli yao inunue mabati. Na mshahara wake uandikwe kwenye bajeti mstari wa kwanza, juu ya chakula chenu.

Tisheti achaneni nazo. Zetu zingenunua simiti zaidi ya mara mbili ya ile tuliyopeleka. Mwenye nyumba hahitaji kusoma kifuani pako ili ajue umetoka wapi. Mwambie.

Mwenye nyumba ndiye mkubwa wa kazi. Mlango, dirisha, choo, picha, yeye ndiye anasema.

Na la mwisho, ambalo ni gumu kwetu sisi tunaopenda kuonekana: nendeni wakati hakuna habari. Mkasa wa Mai Mahiu, kwa maelezo ya serikali yenyewe, ulianzia kwenye kalvati lililoziba. Kuzibua lile la chini ya reli si kazi ya vijana wa kanisa. Hiyo ina wenyewe, na wanalipwa kuifanya, na kazi yetu ni kuwauliza kwa sauti kabla ya Machi. Lakini mitaro iliyo kando ya shule zetu, makanisa yetu na mitaa yetu tunaijua. Februari, jua likiwaka, beleshi na toroli, asubuhi moja. Hakuna mama wa kukabidhiwa godoro hapo, wala mahali pa kutundika bango. Mvua ikija, maji yapite, na hakuna atakayejua kwamba ulisaidia.

Mwaka huu kanisa letu linapanga safari nyingine. Nimeomba nipewe bajeti kabla haijapitishwa, na mstari wa fundi nimeushaandika mimi mwenyewe. Kama na lenu linapanga, omba kuona karatasi. Tafuta jina la fundi. Kama halipo, anzia hapo.