Usimtoe Tomi kabla damu haijasomwa

Morogoro

Mpwa wangu mpendwa,

Pole kwa kuuguliwa na mbwa wako Tomi. Unasema daktari ametaja magonjwa manne na hajachagua hata moja, ilhali muuza dawa za mifugo hapo Kariakoo amesikia "anatapika, anahara" akakuambia papo hapo kuwa ni parvo na sindano moja itamaliza kazi. Sasa unataka kumtoa Tomi kwenye dripu umrudishe nyumbani Mtaa wa Narung'ombe. Nakusihi usimtoe.

Kutapika si ugonjwa, ni dalili. Parvo ipo, na inapenda hasa watoto wa mbwa wa wiki 6 hadi miezi 6. Lakini aliyelamba sumu ya panya hutapika pia, na aliyemeza mfupa vilevile. Hapo sokoni panya ni wengi, na mkojo wao hubeba homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Ruangwa mwaka 2022. Mbwa naye huipata. Kila kimoja kina tiba yake. Tena usitegemee sindano moja ya dukani imalize parvo: mgonjwa hushikiliwa kwa maji, dawa ya kuzuia kutapika na uangalizi wa siku kadhaa mpaka mwili wenyewe ushinde.

Huyo daktari hasiti. Anatafuta. Mbwa mdogo wa aina ya Maltese kama wako akikosa kula kwa saa chache tu, sukari huweza kushuka akaanza kuyumba, kutetemeka, hata kupata degedege. Ndiyo maana alianza na tone la damu la kupima sukari kabla ya mengine yote. Kipimo cha parvo hutumia kinyesi na majibu hutoka kwa dakika kama 10, ila aliyechanjwa siku chache nyuma anaweza kuonekana anayo wakati hana, na mwenye nayo kweli anaweza kuonekana hana. Kwa hiyo huhesabu na chembe nyeupe za damu.

Halafu kuna kupe, ambao watu wa ghorofani hudhani ni wa shamba. Kupe wa kahawia huishi kwenye nyufa za kuta za nyumba. Nimekaa miaka mingi kwenye hadubini, na kazi hiyo naijua: damu ya ncha ya sikio hupakwa nyembamba juu ya kioo, hukaushwa, hutiwa rangi, kisha unapekua chembe nyekundu moja moja hadi umwone babesia, kimelea anayeletwa na kupe hao, mara nyingi wawili wawili, kama matone yaliyogusana kwa ncha. Ukimkosa kwenye kioo cha kwanza, hujamwondoa bado. Kazi hiyo inahitaji utulivu, na muuza dawa wa kaunta hana hadubini.

Wewe unayo kazi moja kubwa: kusema yote. Waulize wapangaji wenzako, kwa adabu, maana wengine mbwa kwao ni najisi na wamekuvumilia, kama kuna aliyetega sumu ngazini. Ikiwepo, peleka pakiti yenyewe. Usiulize ya jana tu. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili hujitokeza siku 3 hadi 5 baadaye. Peleka kadi ya chanjo. Chanjo moja aliyopewa akiwa mdogo haitoshi, kwani kinga ya mama huweza kuizima. Hurudiwa mpaka afikishe angalau wiki 16. Na kama ulimpa Panadol au diklofenaki, sema wazi. Daktari asipojua hilo atapotea njia.

Ukienda kumwona, inua mdomo utazame fizi. Zikiwa nyeupe au njano, mwite daktari hapo hapo. Lakini akibadilika tabia, akawa anang'ata ovyo au taya limelegea, usimguse mdomo kabisa. Na akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakingoji.

Kama ni gharama inayokusukuma, niambie tu, nitachangia. Mwache alale kwa daktari usiku huu, na damu ikishasomwa unipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Mjomba wako