Maji ya Magoti na Motokaa ya Kaka Yangu

Leo naomba nikusimulie habari ya motokaa. Najua wengi wetu vijijini hatuna motokaa. Lakini siku hizi ukoo mmoja hukusanya fedha, mwenye pensheni akatoa yake, mwenye mawese yake, mwenye dagaa yake, ikanunuliwa motokaa kubwa ya kubeba jamaa wote. Ikiwa ninyi mwawaza jambo hilo, habari hii ni yenu. Na ikiwa hamliwazi, someni tu mumcheke karani.

Kaka yangu alipostaafu alinunua Land Cruiser iliyokwisha kutumika, ya mwaka 1996, yenye safu tatu za viti. Gia zake ni zile za kujiingiza zenyewe, yaani otomatiki. Kiinua mgongo chake chote kiliingia humo, na Mama akaongeza fedha ya mavuno ya michikichi yake. Hasa tuliinunua kwa ajili ya Mama, kwa maana magoti yake hayawezi tena mwendo mrefu, na kliniki ni mbali, wala hapendi kukosa Misa ya Jumapili. Fundi aliyeikagua alituambia motokaa ya namna hii ikitunzwa humzika aliyeinunua. Tulicheka sana. Neno “ikitunzwa” likatupita kama upepo.

Mtakumbuka jinsi ziwa letu la Tanganyika lilivyojaa miaka ya 2020 na 2021, maji yakaingia katika nyumba na biashara za watu wa ufukoni. Siku moja katika mwaka ule wa 2021 tulikwenda Kibirizi kumpokea shangazi, aliyekuja kwa mtumbwi kutoka vijiji vya kaskazini. Njia ilikuwa imefunikwa na maji. Kaka akasimamisha motokaa, akasema, “Mdogo wangu, maji haya siyaamini.” Nami nikajibu kwa sauti ya mtu ajuaye, “Pita tu, kaka, ni ya magoti. Motokaa ya parokia hupita hapa kila juma.”

Basi akapita. Tena tulisimama mle majini kitambo kizuri, shangazi akipakia magunia yake na kuku wake watatu, nasi tukifurahi kwamba hakulowa miguu. Tukarudi nyumbani salama.

Baada ya majuma kadhaa tukafunga safari ya Kasulu, kwenye kipaimara cha mjukuu. Motokaa ilijaa watu na vyakula. Katika kupanda mlima injini ikaanza kulia kwa nguvu, lakini motokaa ikawa yaenda polepole, halafu polepole zaidi, mwisho ikasimama. Kaka alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, magurudumu yasitikisike. Mama alikaa kando ya barabara juu ya gunia tangu saa nne mpaka saa tisa, rozari mkononi, wala hakumlaumu mtu. Kipaimara hatukukiona.

Fundi alipokuja alichomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Mafuta yake yapasa kuwa mekundu na maangavu. Yale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akauliza, “Mlipita majini lini?” Kaka akanitazama.

Hapa yafaa nieleze kidogo, maana nami sikulijua jambo hili kabla ya kunigharimu. Mtu abebaye debe la mawese akipanda kilima hufupisha hatua. Akifika tambarare huzirefusha. Gia kazi yake ni hiyo, kufupisha na kurefusha hatua za magurudumu ili injini isichoke. Katika motokaa ya gia za mkono, dereva ndiye achaguaye hatua, na meno ya chuma hushikana na meno ya chuma. Katika otomatiki, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na mafuta. Weka feni mbili zitazamane, uwashe moja tu. Ile ya pili nayo itazunguka kwa upepo wa mwenzake. Ndani ya giaboksi ya otomatiki mna kitu cha namna hiyo, ila upepo wake ni mafuta. Tena mna sahani nyembamba zilizobandikwa kitu mfano wa karatasi ngumu, nazo hukamatana kwa msukumo wa mafuta hayohayo. Mafuta yakiharibika, hakuna kinachosukuma. Na maji yakiingia, gundi ya zile karatasi hulegea, zikabanduka, sahani zikateleza.

Lakini maji yaliingiaje, nasi tulifunga milango? Giaboksi ina tundu la kupumulia. Ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka ikatoka. Ikipoa, huvuta hewa. Sasa wewe umetoka mwendo mrefu, giaboksi ni ya moto, ukaizamisha ghafula katika maji baridi ya ziwa. Itavuta pumzi. Kama tundu, au mahali palipochakaa, pako chini ya maji, itavuta maji.

Nilikuwa bado na hoja moja ya kujitetea: mbona motokaa ya parokia hupita palepale? Hiyo nayo ni Land Cruiser, ila ni ya ule mfululizo wa 70 ulioanza kutengenezwa mwaka 1984, ya gia za mkono, yenye ule mkonga unaopanda kando ya kioo. Nilidhani mkonga ndio uilindao. Nikaenda kwa mzee dereva wetu, nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakunijibu. Alifungua kabati akatoa daftari la motokaa, akaniambia, “Soma, Karani.”

Ndugu msomaji, daftari lile huliandika mimi. Kila mwisho wa juma mzee hunitajia, nami hunakili kwa wino: kilomita, dizeli, mipira. Na kila baada ya safari ya majini limo neno moja, kwa hati yangu mwenyewe: “Mafuta ya giaboksi na difu yamefunguliwa, yametazamwa.” Mara nyingine: “Yamebadilishwa, yalikuwa meupe.” Nilihesabu mistari ya namna hiyo nikafika 17, nikaacha. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundishwa kwamba kunakili si kujifunza, nikawaambia na watoto darasani. Mkono wangu uliandika miaka yote hiyo, wala sikuwahi kumwuliza mzee maana yake.

Mzee akasema mkonga hupeleka hewa kwa injini tu. Gia haziujui mkonga.

Sasa shauri la fedha. Kumwaga mafuta na kusafisha kusingesaidia tena, kwa kuwa sahani zilikuwa zimekwisha kubanduka. Giaboksi nyingine iliyotumika ilipatikana, kwa bei ya ng'ombe wanne. Jamaa wakagawanyika. Wengine walisema tuuze motokaa kwa vyuma chakavu. Wengine walisema liuzwe shamba la michikichi, na hao, nasikitika kusema, ni wale wasiowahi kuukwea mchikichi hata mmoja. Mama alisema shamba haliuzwi, kwa sababu mchikichi hauhitaji dereva. Basi nikatoa fedha niliyoiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yangu, kaka akaongeza ya pensheni miezi kadhaa. Nyumba yangu ingali na nyasi upande mmoja. Naona ni haki.

Fundi alipokuwa akifunga giaboksi ile tulizungumza habari za meli ya Liemba. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, wakati wa vita, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuiachia maji. Ilikaa chini, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hilo la Liemba. Nikauliza, imekuwaje meli ikae majini miaka ile yote ipone, na motokaa yetu ife kwa maji ya robo saa? Fundi akasema wale walijua kwamba wanaingia majini, wakajitayarisha. Tena baada ya kuiopoa hakuna aliyeiwasha kabla ya kuifungua na kuisafisha. Sisi tulitoka majini tukaenda zetu.

Motokaa sasa yaenda. Kaka amenunua daftari, nami nimempigia mistari kama ya lile la parokia. Kila Jumamosi huweka motokaa mahali tambarare, injini ikiwa ya moto na inazunguka, akapitisha gia zote na kurudisha mahali pa kuegesha, ndipo achomoe kijiti na kukifuta kwa kitambaa cheupe. Mekundu ni mema. Yakiwa ya kahawia na kunuka kuungua, hayangoji safari nyingine. Yakiwa kama chai ya maziwa, motokaa haiwashwi tena, huvutwa kwa kamba hadi kwa fundi. Na hununua mafuta yale tu yaliyoandikwa katika kitabu cha motokaa, maana dukani utaambiwa mafuta yote ni mamoja.

Mama hajui kusoma, lakini kitambaa kile huletwa kwake akiangalie. Jumamosi iliyopita alikigeuza juani pande zote mbili, akasema rangi imefifia kidogo. Kaka amekwisha kuagiza lita za kubadilisha.