Buzwagi: Mgodi umefungwa, Bedford bado ipo

UKITAJA Buzwagi popote nchini, watu wanaanza siasa. Watakukumbusha mkataba uliosainiwa London mwaka 2007, watakueleza Bunge lilivyowaka moto mwaka huohuo hadi Zitto Kabwe akasimamishwa, na hawataisahau Tume ya Jaji Bomani. Sawa, hayo yana wenyewe. Mimi safari hii nilifuata jambo jingine kabisa, na usinicheke msomaji wangu: nilikwenda kuchora magari ya kale kwa mkaa na chaki.

Ukitokea Dar es Salaam unapita Singida na Nzega, ukifika Tinde unaiacha njia ya Mwanza na kushika ya Isaka. Pale Isaka ndipo mizigo ya reli hushushwa na kupakiwa kwenye malori ya Rwanda na Burundi. Endelea mbele. Kilomita chache kabla ya mji wa Kahama utaona vilima vikubwa ambavyo Mungu hakuviumba. Ni mawe yaliyotolewa shimoni. Hapo ndipo Buzwagi. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2009, shimo likaja kuacha kuchimbwa, mitambo ikaendelea kusaga mawe ya akiba mpaka 2021 ikazimwa. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuwa pale sasa ni eneo maalumu la kiuchumi, yaani viwanda vikaribie.

Sasa magari ya kale yanatoka wapi? Kwani kabla ya dhahabu watu hawakuwa wakiishi? Kulikuwa na pamba na tumbaku, kulikuwa na ushirika, na mazao hayo hayakutembea kwa miguu. Yalibebwa na malori, na baadhi ya malori hayo bado yamekaa nyuma ya nyumba za watu, kuku wakitagia kwenye siti.

Najua wapo watakaosema gari la kale ni lile linalong'arishwa na kushangiliwa. Kwa mfano Peugeot 404, ambayo Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Au Land Rover zilizofurika Arusha Oktoba 2024 kwenye tamasha lake, zaidi ya elfu moja kwa mkupuo. Hayo yana wapiga picha wa kutosha. Lori la pamba halina mpiga picha.

Vifaa vyangu ni vya maskini. Mkaa nachukua chenga zinazobaki chini ya gunia. Sikati mti kwa ajili ya picha, hasa katika mkoa huu uliokaribia kuitwa jangwa, mpaka mradi wa HASHI ulipokuja mwaka 1986 kuwahimiza watu warudishe ngitili zao. Chaki ni ya shule. Bahati nzuri Maswa, iliyokuwa Shinyanga kabla ya mkoa wa Simiyu kuzaliwa 2012, vijana waliwahi kuanzisha kiwanda cha chaki hizohizo. Karatasi ni kaki ya mfuko wa saruji, ile ya ndani iliyo safi.

Siri yake ni hii: kaki yenyewe ndiyo rangi ya katikati, usiihangaikie. Mkaa unaweka kwenye kivuli tu, chini ya madigadi, ndani ya sho, nyuma ya matairi. Chaki unaiweka mwisho kabisa, pale jua linapogonga: ukingo wa bonneti, rimu, kioo. Usithubutu kuvichanganya, utapata uji wa majivu. Gurudumu ukiliona kwa upande si duara, ni yai. Ukimaliza, nunua ile dawa ya kupulizia nywele saluni, pulizia kwa mbali, vumbi litashika.

Katika kata ya Mwendakulima, jirani kabisa na mgodi, nililikuta Bedford la pua, la ile aina iliyoanza kutoka Uingereza mwaka 1958. Halina injini, bodi la mbao limeliwa na mchwa, lakini sho bado inacheka. Mwenyewe ni mzee aliyekuwa akiliendesha, na alilinunua lilipochoka.

"Shikamoo mzee. Naomba kulichora gari lako."

"Marahaba. Chora upesi mwanangu, wiki ijayo wanakuja watu wa skrepa na mzani wao."

Nikamuuliza kwa nini asiliache. Akanitazama kama mtu mwenye homa. "Utanilipia wewe bati za nyumba?" We acha tu, nilikosa la kusema. Chuma chakavu kinayeyushwa kuwa nondo. Land Rover ndiyo kabisa, bodi lake ni la aluminiamu, kwa sababu zilipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Aluminiamu hailiwi na kutu, kwa hiyo nayo inayeyushwa ikawa masufuria. Huenda ugali wako wa jana ulisongwa ndani ya mlango wa gari la bwana shamba.

Nilichora kama saa mbili hivi, watoto wamenizunguka. Mzee akaja, akaikagua picha kwa muda mrefu. "Gari ndilo. Ongeza utingo." Akanionyesha pale nyuma, mguu mmoja kwenye chuma, mkono umeshika bodi, shati linapepea. Utingo huyo alikuwa rafiki yake, alishatangulia mbele za haki, na hakuacha hata picha moja. Mzee akawa ananielekeza, mimi nachora: mabega mapana, kofia imerudishwa nyuma. Nilipogusisha chaki kwenye kofia, akasema, "Basi, hapohapo." Picha nikamwachia.

Usidhani kuchora ukutani ni mambo ya kuja huku. Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, mwaka 1953 alitoa kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Tanganyika, na Usukuma ulikuwa mbele katika mambo hayo. Nyoka, watu na wanyama walichorwa kwenye kuta za nyumba zao ili wanaoingia kwenye chama wafundishwe. Ukuta ulikuwa daftari.

Na daftari bado liko wazi. Nyumba ya pili kutoka kwa mzee kuna kijana aliyekuwa amechora kwa mkaa lori la mgodini, tairi lake likimpita mtu kimo. Kazi nzuri, siyo mchezo. Nikamtania kwamba hilo si gari la kale, ni la juzi tu.

"Kaka," akanijibu, "la kale ni lile ulilokuwa unaliona kila siku, halafu hulioni tena."

Baba yake alikuwa na kibarua mgodini. Kwa mzee, kitu kilichoondoka ni pamba juu ya Bedford. Kwa kijana, ni malori yaliyokuwa yakishuka shimoni usiku na mchana, na mshahara uliokuja nayo. Umri wa chuma hauhesabiki hapo. Inahesabika kazi iliyoondoka na gari lake.

Kwa hiyo msomaji wangu, kama kwenu kuna Bedford, Land Rover au Peugeot imelala chini ya mwembe, chukua chenga za mkaa na kipande cha chaki, ukae nayo saa mbili. Halafu mwite mzee wa nyumba, umuulize ni nani alikuwa akining'inia nyuma. Fanya hivyo kabla wenye mtungi wa gesi hawajaanza kukata.