Kwa Duane, Macon

Macon iko kusini-mashariki mwa Atlanta, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa barabara kuu namba 75. Shemeji yangu, mkazi wa Georgia wa miaka mingi, alikuwa ameupita mji huo mara nyingi akielekea Florida, bila kusimama hata kununua maji. Safari hii alikubali kunipeleka kwa sababu nilimsihi sana, na kwa sababu Oktoba ilikuwa inaishia. Hizo ndizo siku ambazo wapenzi wa mpiga gitaa Duane Allman huja kumkumbuka.

Duane alifariki hapo hapo Macon tarehe 29 Oktoba 1971, akiwa na miaka 24. Bendi yake, The Allman Brothers Band, iliyoanzia Jacksonville, Florida, Machi 1969, ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu. Mimi nilimsikia kabla sijamjua jina. Katika wimbo wa Layla wa mwaka 1970, lile gitaa linalolia juu kabisa ni lake, na la Eric Clapton liko ubavuni. Wilson Pickett alipoimba Hey Jude mwaka 1968, gitaa linalowaka moto mwishoni lilipigwa na Duane, wakati huo kijana wa kukodiwa katika studio ya FAME kule Muscle Shoals, Alabama. Nimekulia kwenye muziki wa dansi, kwenye solo za Mbaraka Mwinshehe, naye aliyefia ajalini, Mombasa, Januari 1979. Sikuhitaji kufundishwa namna ya kumsikiliza mtu anayeimba kwa vidole.

Tulianzia Vineville Avenue, kwenye jumba ambalo wenyewe hulitaja kama Nyumba Kubwa. Berry Oakley, mpiga besi, na mkewe Linda walihamia humo mwaka 1970, na muda si mrefu ikawa nyumba ya bendi: wanamuziki, wake, watoto, wageni. Tangu 2009 ni makumbusho. Yamo magitaa, mabango ya maonyesho, nguo, picha kila ukuta. Mimi nilikaa zaidi jikoni. Ni jiko la kawaida la nyumba yenye watu wengi, na ukisimama pale unaelewa kwamba hawa walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu waliokula pamoja, wakagombana na kulea watoto chini ya paa moja. Siku ya mwisho ya maisha yake Duane alipita humu kumpongeza Linda kwa siku yake ya kuzaliwa. Akatoka, akapanda pikipiki yake.

Shemeji alitaka kuona mahali penyewe pa ajali, tukaenda. Ni njia panda ya Hillcrest na Bartlett, mtaa wa makazi, nyumba zenye vibaraza na miti mikubwa. Lori lilikuwa mbele yake, akashindwa kulikwepa, na jioni ile alifia hospitali. Wapo wanaosimulia mpaka leo kwamba lori lile lilibeba mapichi, na kwamba ndiyo asili ya jina la albamu Eat a Peach iliyotoka 1972. Si kweli. Mwaka mmoja na siku 13 baadaye Berry Oakley naye aligongana na basi la mji akiwa kwenye pikipiki, mitaa mitatu hivi kutoka pale. Naye alikuwa na miaka 24.

Mchana tulikula H&H. Mgahawa huu uliendeshwa na Inez Hill na Louise Hudson, wanawake weusi wawili, na mji mzima ulimwita huyo wa pili Mama Louise. Bendi ilipofika Macon haikuwa na kitu. Vijana waliingia na fedha ya sahani mbili wakitaka kugawana, na Mama Louise akampakulia kila mmoja sahani yake. Hawakusahau: 1972 walimchukua wakasafiri naye kwenye ziara yao. Nilikula kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi na majani ya kijani ambayo shemeji aliyaita sukuma wiki ya Georgia, na hakukosea.

Hili la wanawake weusi kulisha bendi iliyochanganya weusi na weupe si dogo. Mwaka 1969 kusini mwa Marekani bado kulikuwa na mabishano makali juu ya watoto weusi na weupe kusoma darasa moja. Katika bendi ya Duane, wa kwanza kuchukuliwa alikuwa Jaimoe, mpiga dramu mweusi wa Mississippi aliyekuwa amempigia Otis Redding. Wakaja wengine: Berry, Dickey Betts, Butch Trucks, na mwishowe Gregg, mdogo wake Duane, kwenye kinanda na sauti. Hebu tazama alivyoipanga bendi. Dramu mbili. Magitaa ya solo mawili, lake na la Dickey, yakienda sambamba kama sauti mbili za wimbo mmoja, kisha yakiachiana nafasi. Mpiga gitaa hodari kuliko wote aliamua kumweka ubavuni mwenzake wa kulingana naye. Mimi naamini hilo ndilo lililoifanya bendi isife pamoja naye.

Alasiri tulikwenda Rose Hill, makaburi ya tangu 1840, yanayoshuka kwa ngazi kuelekea mto Ocmulgee, na reli inapita chini. Wanabendi walikuwa wakija kukaa humu usiku. Humu Dickey aliona jina la Elizabeth Reed kwenye kaburi akalipa muziki wake usio na maneno, na humu amelala Martha Ellis, mtoto aliyefariki 1896 akiwa na miaka 12. Muziki pekee wa bendi ambao Duane aliutunga peke yake unaitwa Little Martha. Yeye na Berry wamezikwa bega kwa bega, ndani ya uzio. Gregg aliletwa karibu yao mwaka 2017. Watu huacha sarafu na vile viplastiki vya kupigia gitaa.

Tuliwakuta wapenzi wake kumi na kitu pale, wengi wenye mvi, wachache vijana. Mzee mmoja, dereva wa malori mstaafu kutoka Tennessee, alisimulia jinsi mwaka 1973 alivyopita karibu na Vicksburg, Mississippi, akaona kingo ya udongo kando ya barabara kuu imechongwa maneno makubwa ya kuwataka watu wamkumbuke Duane Allman. Waliochonga walikuwa mashabiki tu.

Kisha akatoa mfukoni kichupa cha kioo, kidogo, mdomo mmoja wazi. Ni aina ya chupa za vidonge vya mafua vya Coricidin. Gregg alisimulia kwamba alimpelekea kaka yake vidonge hivyo alipokuwa mgonjwa, pamoja na albamu ya kwanza ya Taj Mahal. Duane akamwaga vidonge, akabandua karatasi, akaanza kujifunza. Mzee alikivika kidole cha pete, akachukua gitaa la kijana mmoja, akakaza nyuzi kadhaa mpaka zote kwa pamoja zikatoa chord ya E zikipigwa wazi. Nilisogea. Kioo hakikandamizi uzi. Kinaugusa tu, juu ya kichuma chenyewe kinachogawa noti shingoni mwa gitaa, na vidole vilivyo nyuma yake vinazima milio isiyotakiwa. Kidole cha kawaida hupanda noti kwa noti. Kioo kinapita katikati ya noti, pale pale ambapo sauti ya mtu hupita anapolia au anapoita. Mkono wake ulitetemeka kidogo, kwa uzee, na mtetemeko ule uliingia kwenye uzi ukawa sehemu ya wimbo.

Kabla geti halijafungwa tulihamia kwenye magari. Ukazuka ubishi juu ya albamu ya At Fillmore East, iliyorekodiwa New York Machi 1971: ipi ilikuwa bora, tarehe 12 au 13. Mama mmoja alikuwepo kwenye ukumbi wa Beacon Theatre Oktoba 2014, bendi ilipopiga mara ya mwisho mpaka saa sita ya usiku ikapita na tarehe ya kifo cha Duane ikaingia. Yeye hakutaka kusikia habari za Fillmore. Mzee akafungua milango ya gari lake, akaweka Whipping Post, dakika 23 zake zote. Shemeji, ambaye njia nzima alikuwa ananivumilia, aliegemea boneti akasikiliza. Solo ndefu ilipoanza kupanda akaniuliza kwa Kiswahili kama huyo ndiye Duane. Nikamtafsiria mzee.

“Mwambie Duane ameshapiga,” akasema. “Huyu ni Dickey. Na asikilize dramu, mwambie, ziko mbili.”