Haki ya Njia: Baiskeli za Umeme katika Milima ya Nakuru



Tulipokuwa tukijitayarisha kwa safari ya kuwazuru jamaa zetu wa Nakuru, shemeji yetu anayeishi mtaa wa Bondeni alitupigia simu na kutuuliza swali ambalo hatukulitarajia: "Je, dada yangu bado ajua kupanda baiskeli?" Mama watoto, aliyekuwa karibu akisikia, alicheka, kisha akanyamaza. Alijifunza baiskeli utotoni, uani kwa babake huko Malindi, akaiacha alipofikia umri wa kuvaa buibui. Na tangu hapo imepita miaka zaidi ya thelathini. Zaidi ya hayo, goti lake la kulia lina maradhi ya siku nyingi. Tulimjibu shemeji kwamba kujua ajua, lakini hawezi. Akatwambia, "Njooni naye tu. Iko baiskeli ya kumfaa."

Basi tulipanda treni ya Madaraka kutoka Mombasa hadi Nairobi, sisi, mama watoto na binti yetu wa miaka kumi na tisa. Tukalala huko, na alfajiri tukashika matatu ya Naivasha. Anayepita njia ile kwa mara ya kwanza hawezi kusahau pale nchi inapokatika ghafla na Bonde la Ufa likatandazika chini, mlima Longonot ukiwa umesimama katikati yake. Ingawa mtu ashuka bondeni, bado yuko juu sana: Naivasha na Nakuru ziko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Sisi watu wa pwani hulitambua jambo hilo kwa pumzi zetu kabla ya kulitambua kwa macho. Ngazi chache tu, na moyo huanza kupiga mbio.

Shemeji alitupokea Naivasha kwa pikapu yake. Nyuma mlikuwa na baiskeli nne, mbili za kawaida na mbili za umeme. Hizi za umeme zilikuwa za kijana wake na rafiki yake, ambao wote ni mafundi.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu, jina tusilopenda kulitaja mara nyingi. Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1984, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi. Ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Kwa miaka mingi, vijana wa Naivasha wamejipatia riziki kwa kuwakodisha wageni baiskeli karibu na lango. Humo ndani pundamilia, swala, twiga na nyati hulisha kando ya barabara ya vumbi, na pembeni kumesimama nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower, kwa jina la msafiri wa Kijerumani aliyepita huko mwaka 1883.

Hapa inafaa tueleze baiskeli yenyewe, kwani wengi wetu huidhani kuwa pikipiki ndogo. Si hivyo. Ina pedali, mnyororo na gia kama baiskeli yoyote ya milimani, ila imeongezewa mota ndogo na betri. Mwendeshaji akikanyaga, mota humsaidia. Akiacha kukanyaga, nayo huacha. Sheria za nchi nyingi za Ulaya huiwekea mota hiyo kikomo cha wati 250, na humtaka msaada ukome baiskeli ifikapo mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Wati 250 zaweza kuonekana kidogo, lakini mtu mzima wa kawaida akikanyaga kwa muda mrefu hutoa wati mia moja hivi. Kwa hiyo mwenye baiskeli hii ni kama mtu aliyeongezewa miguu ya watu wawili. Uzito wake ni kilo 20 hadi 25, ilhali ya kawaida huwa kilo 14 au 15.

Mama watoto alivaa suruali pana ndani, buibui akalifupisha kwa mshipi ili lisishikwe na mnyororo, akapanda. Mwanzo aliyumba, nasi tukakimbia kando yake kama baba anayemfunza mtoto. Baada ya mita mia mbili hatukuweza kumfuata tena. Tulipanda baiskeli yetu ya kawaida na kujitahidi nyuma yake, lakini kila kilima kidogo kilituongezea masafa. Alitungoja juu ya mwinuko, akiwatazama twiga, naye hata hakuhema. "Bwana, pumzika kwanza," alituambia. Binti yetu alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli.

Hatuandiki haya kwa mzaha tu. Kabla ya hapo, kila tulipokwenda mahali penye milima, mama huyu alibaki chini, ndani ya gari, akilinda mikoba na chakula huku wengine wakipanda. Wako akina mama wengi wa namna hiyo katika familia zetu: magoti yao yamechoka kwa uzazi na kazi, nao wamekwisha kujiambia kwamba urembo wa nchi hii si wao tena. Siku ile alikwenda kilomita nane hadi karibu na makorongo, akarudi kilomita nane, na goti lake halikumsumbua.

Kijana wa shemeji alituonyesha jambo jingine la kuzingatia. Kutoka mbuga ile mtu huona moshi mweupe wa Olkaria, ambako mvuke wa ardhini huchimbwa na kuendesha mitambo ya umeme. Kituo cha kwanza kilianza kazi mwaka 1981, na hivi leo mvuke wa Bonde la Ufa hutoa zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya. Betri ya baiskeli ile hujaa kwa takriban nusu uniti ya zile tunazonunua kwa tokeni nyumbani. Kwa hiyo sehemu ya nguvu iliyompandisha mama watoto kilimani ilitoka chini ya ardhi ile ile aliyokuwa akiikanyaga. Tulisema Subhanallah, na hatukuona la kuongeza.

Siku ya tatu tulikwenda Menengai, mlima wa volkano ulio kaskazini ya jiji la Nakuru. Kilele chake ni mita 2,278, na ndani yake mna shimo kubwa lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na kina cha karibu mita 480. Wamaasai husimulia kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, karne ya kumi na tisa, mashujaa wengi waliangamia humo. Jina la Nakuru nalo husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na aliyepita vijia vya Menengai wakati wa kiangazi hatalipinga. Udongo wake ni majivu ya volkano, mwepesi kama unga. Gurudumu likiteleza huacha mfereji, na mvua ya kwanza huugeuza mfereji kuwa korongo.

Tulipopumzika njiani tuliwakuta vijana watano wenye baiskeli za kawaida, nyingi zikiwa za mitumba. Walipoiona baiskeli ya umeme waligawanyika. Mmoja alisema waziwazi kwamba huo ni udanganyifu. Kwao, heshima ya mwendeshaji hupimwa kwa kilima, nasi hatukumlaumu, maana nchi hii ya nyanda za juu imewalea watu wa jasho. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alifunzwa baiskeli za milimani na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu. Marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Marekani, na vijana hawa walimtaja kama wamtajavyo kaka yao mkubwa. Mwingine alimjibu mwenzake kwamba hata shirikisho la baiskeli la dunia limekuwa na ubingwa wa baiskeli za umeme za milimani tangu mwaka 2019. Wa tatu, mdogo kuliko wote, aliuliza swali lililotugusa zaidi: "Wageni wakija na zao za umeme, nani atakodi zetu?"

Kisha wakazungumzia njia. Wako wanaosema kwamba mota itaviharibu vijia. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 2015 na chama cha waendesha baiskeli za milimani uliona kwamba baiskeli inayosaidia kukanyaga huchimbua udongo karibu sawa na ya kawaida, na kidogo sana ikilinganishwa na pikipiki. Lakini kijana wa shemeji alisema neno la busara: "Mjomba, baiskeli moja ikipita mara moja, hakuna tofauti. Ila zamani nilipanda mlima huu mara moja nikachoka. Sasa naupanda mara tatu." Kwa hiyo madhara hayamo katika gurudumu tu. Yamo pia katika kutochoka.

Maneno hayo tuliyasikia, lakini hatukuyazingatia. Siku hiyo ilikuwa zamu yetu kupanda baiskeli ya umeme, na ni lazima tukiri kwamba tulipendezwa nayo kupita kiasi. Mtu wa makamo yetu, aliyeachwa nyuma juzi, leo anapanda mlima kama kijana! Tuliongeza nguvu ya mota na kuwaacha wote. Kwenye kona moja, bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni mgongoni alikuwa akivuka kijia. Tulifunga breki, gurudumu likateleza katika vumbi. Hatukumgonga, lakini alishtuka akaanguka, kuni zikatawanyika, na mkono wake ukachubuka.

Tuliitupa baiskeli tukamwinua. Kijana wa shemeji alifika mbio akisema, "Pole sana, shosho, pole." Mama watoto alimwosha jeraha kwa maji ya chupa na kulifunga kwa kitambaa. Bibi hakutukaripia. Alituambia tu, "Nimewaona mkiwa chini kabisa. Nikasema, wanapanda, nitavuka kabla hawajafika. Pikipiki naisikia mbali. Hii yenu haina sauti."

Tulizikusanya kuni, tukazifunga juu ya baiskeli ile ile, tukaisukuma kwa miguu hadi kwake, chini ya msitu. Ulikuwa mwendo wa karibu saa nzima, na katika saa hiyo tulipata nafasi ya kutafakari.

Bibi yule hakukosea hesabu. Maisha yake yote, kitu kinachopanda mlima kilikuwa ama polepole ama chenye kelele. Kilima kilikuwa kikituadibisha sote bila ya sisi kujua. Kilimfanya mwendeshaji apande taratibu, awaone watu, awasalimu. Kilimzuia asiende mbali kuliko nguvu zake za kurudi. Kiliipumzisha njia, kwa kuwa miguu ya watu huchoka. Betri imekiondoa kilima, na hilo ni neema kwa mama mwenye goti bovu. Lakini pamoja na kilima imeondoa adabu iliyokuwa ikilazimishwa na kilima. Adabu hiyo sasa haina budi kutoka moyoni mwa mwendeshaji mwenyewe. Sisi tuliofunzwa tangu chuoni kwamba njia ina haki yake, na kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, tulikuwa siku ile ndio udhia wenyewe.

Jambo hili si la Nakuru peke yake. Wazee wetu wakumbuka kwamba bodaboda ya kwanza, kule Busia mpakani, ilikuwa baiskeli. Injini ilipochukua mahali pa pedali, riziki iliongezeka na safari zikawa nyepesi. Lakini adabu ya barabara haikufuatana na injini, na wodi za mifupa katika hospitali zetu zatosha kuwa ushahidi. Tarehe 1 Septemba 2023 mpango wa taifa wa vyombo vya umeme ulizinduliwa hapa hapa kwetu Mombasa. Vyombo visivyo na sauti vinakuja katika vichochoro vyetu, ambamo watoto hucheza na wazee huketi barazani. Mara hii tunayo nafasi ya kutanguliza adabu.

Kwa familia zitakazokwenda bondeni, tunausia machache. Anayepanda apunguze nguvu ya mota kila aonapo kona au mtu, na apige kengele mapema. Mwenye miguu na mwenye mzigo wapishwe daima, hata kama mwendeshaji ndiye anayepanda. Kijia kikiwa na tope, kisipitwe, na mtu asiende mbali zaidi ya pale awezapo kuisukuma baiskeli kilo 25 akirudi, betri ikimalizika. Mbugani, nyati wakiwa karibu, mtu asimame. Asidhani mwendo utamwokoa. Na mkifika langoni, kodini angalau baiskeli moja ya wale vijana, ili riziki yao isikatike kwa sababu ya starehe yetu.

Kabla ya kuondoka Nakuru tulirudi kwa bibi yule na unga, sukari na majani ya chai. Mkono wake ulikuwa ukipona. Alimtazama mama watoto, akamuuliza kama ni kweli naye hupanda kitu kile. Mama watoto akamjibu kwamba ni kweli. Bibi akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi ukinipita, niite."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoipa njia haki yake. Amin.